Kabla ya kufika Mathari: Ushauri nasaha ni nini na humfaa nani?

MJINI Nyeri, jina Mathari lina maana mbili.

Kuna Mathari ya misheni ya Consolata, hospitali ya kawaida ambako akina mama kutoka Tetu, Othaya na Mukurweini wamejifungua kwa vizazi kadhaa. Kisha kuna Mathari ya Nairobi, hospitali ya kitaifa ya magonjwa ya akili, ambayo ikitajwa watu hushusha sauti.

Ndiyo sababu mkazi wa Nyeri akisema amempeleka mzazi wake Mathari, huharakisha kuongeza kwamba ni ile ya hapa, wala si ile ya Nairobi.

Haraka hiyo ya kujieleza inafichua mengi. Machoni pa wengi, maradhi ya akili yana milango miwili pekee. Wa kwanza ni wa nyumbani, ambako mtu hunyamaza na kuvumilia. Wa pili ni wa Mathari ya Nairobi, ambako hufikishwa na jamaa zake mambo yakishaharibika kabisa.

Ilhali kati ya milango hiyo miwili kuna safari ndefu, na wengi wa wanaoumia wako katikati ya safari hiyo. Hao hawahitaji kulazwa. Wanahitaji mtu aliyesomea kazi ya kusikiliza, chumba chenye mlango unaofungwa, na saa moja kwa wiki. Huduma hiyo ndiyo huitwa ushauri nasaha, au tiba ya mazungumzo.

Makala haya yanaeleza inavyofanya kazi, nani anaruhusiwa kuitoa, mipaka yake ni ipi, na mkazi wa Mukurweini au mji wowote wa eneo la Mlima Kenya aanzie wapi akiihitaji.

MZIGO USIOONEKANA

Mukurweini ni eneo la wakulima. Miteremko yake imejaa mibuni, na karibu kila boma lina ng'ombe wa maziwa. Ni eneo la watu wenye bidii ambao wamezoea kupima afya ya mtu kwa kazi ya mikono yake. Mradi mtu anachuma kahawa na kukata nyasi za ng'ombe, huhesabiwa kuwa mzima.

Chukua mfano wa mkulima wa makamo, baba wa watoto watatu. Malipo ya kahawa hayatoshi, karo ya shule inadaiwa kila muhula, na shamba alilorithi ni kipande kidogo ambacho naye atalazimika kuwagawia wanawe.

Kwa miezi mitatu sasa amekuwa akishtuka saa tisa usiku na kukesha akipiga hesabu zisizokamilika. Chakula hakimpi ladha. Ameacha kuhudhuria mikutano ya chama, na siku za Jumapili husingizia kuumwa na mgongo ili asiende kanisani. Akijibiwa jambo dogo hufoka. Jioni hupitia kwenye baa ya sokoni, si kwa starehe, bali kwa kuwa huko hakuna anayemuuliza kitu.

Jirani zake husema kwa Gikuyu kwamba ana 'meciria maingi', yaani mawazo mengi. Hakuna anayesema ni mgonjwa, kwani kwao mgonjwa wa akili ni yule anayetembea uchi barabarani akizungumza peke yake.

Hata hivyo, daktari akimhoji mkulima huyo huenda akapata kwamba anaugua unyogovu, maradhi ambayo dalili zake hujulikana vyema. Miongoni mwazo ni huzuni au kukosa hamu ya mambo yaliyokuwa yakimfurahisha mtu, usingizi kuvurugika, uchovu usioisha, kujiona hana thamani na, hali ikizidi, kutamani kufa. Dalili hizi zikidumu kwa wiki mbili au zaidi, na zikamzuia mtu kuendelea na shughuli zake, si tabia wala uvivu. Ni maradhi.

Si maradhi ya watu wachache. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba mwaka 2019 mtu mmoja kati ya wanane ulimwenguni alikuwa na tatizo la afya ya akili. Humu nchini, ripoti ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ya mwaka 2011 ilikadiria kuwa hadi robo ya wagonjwa wanaofika hospitalini kutibiwa na kurejea nyumbani wana tatizo la aina hiyo.

Wengi wao hawaendi kutibiwa akili. Huenda wakilalamikia kichwa, tumbo au kifua, wakapewa dawa za maumivu, na wakarudi tena baada ya mwezi.

POMBE NA MZAHA

Katika eneo la Kati, mzigo huu umefunikwa na mambo mawili: pombe na mzaha.

Kuhusu pombe, serikali imejaribu mengi. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, maarufu kama sheria ya Mututho, ilipunguza saa za kuuza pombe. Mwaka 2015, Rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta aliagiza msako mkali dhidi ya pombe za bei ya chini zilizokuwa zikiwaangamiza vijana. Licha ya hayo, Februari 2024 watu kadhaa walifariki katika kaunti jirani ya Kirinyaga baada ya kunywa pombe yenye sumu.

Msako humwaga pombe. Haugusi kilichompeleka mnywaji huko. Mtu anayekunywa ili apate usingizi, au asahau deni, atatafuta kinywaji kingine hata baa zote zikifungwa. Hapo ndipo mshauri nasaha anahitajika, kwa sababu kazi yake ni kuuliza pombe hiyo inafanya kazi gani katika maisha ya mnywaji.

Nao mzaha ni ule ambao Wakenya wameuzoea, wa wanaume wa Nyeri kupigwa na wake zao. Vichekesho hivyo vimesimuliwa redioni na kwenye simu kwa miaka mingi. Lakini nyuma ya kicheko kuna nyumba ambamo mtu anaumizwa, awe mume au mke, na ambamo mwanamume hawezi kuripoti kwa kuogopa kuchekwa. Hawezi kumwambia chifu, hawezi kumwambia mchungaji, na hawezi kumwambia ndugu yake. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, wahenga walisema, na moyo hufa kwa kufungiwa namna hiyo.

Kimya chenyewe kina mizizi. Nyeri ilikuwa kitovu cha vita vya Mau Mau. Wakati wa hali ya hatari, kuanzia 1952 hadi 1960, familia ziliondolewa makwao zikasongamanishwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro, na maelfu ya watu wakatiwa kizuizini. Waliotoka huko waliwalea watoto wao bila kusimulia waliyoyaona. Serikali ya Uingereza ilikubali Juni 2013 kuwalipa fidia wahasiriwa 5,228, zaidi ya nusu karne baadaye. Katika muda huo wote, hakuna aliyewaandalia wazee hao pahali pa kuzungumzia waliyoyapitia.

ULIVYOINGIA NCHINI

Si kwamba jamii haikuwa na washauri. Wazee wa kiama waliwasuluhisha wanandoa, na nyanya na shangazi walisikiliza yale ambayo msichana hangeweza kumwambia mamaye. Kazi hiyo haijaisha, ila imepungua nguvu kadiri watu walivyohamia mijini na familia zilivyotawanyika.

Ushauri nasaha wa kitaalamu ulianza kwa kutambaa. Wizara ya Elimu ilianzisha kitengo cha kuwaelekeza na kuwashauri wanafunzi mwaka 1971. Wizara hiyo hiyo ilipopiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, walimu waliambiwa watumie ushauri badala ya fimbo, ingawa wengi wao hawakuwa wamefunzwa.

Kwa watu wazima, wengi walisikia habari za huduma hii baada ya shambulio la bomu katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, Agosti 7, 1998. Watu 213 walifariki na maelfu wakajeruhiwa. Ilidhihirika kwamba baadhi ya walionusurika bila hata mkwaruzo hawakuweza kulala wala kupanda lifti.

Kisha kukaja janga la Ukimwi. Vituo vya kupimwa kwa hiari, VCT, vilivyoenea nchini kuanzia 2001, vililifikisha neno 'ushauri nasaha' hadi vijijini. Ubaya ni kwamba viliacha pia dhana kuwa mshauri ni mtu wa kukueleza matokeo ya damu tu.

Nyeri yenyewe imeonja uchungu ambao hauwezi kutibiwa kwa sindano. Mwaka 1999, viranja wanne wa shule ya upili ya Nyeri walichomwa hadi kufa na wanafunzi wenzao. Usiku wa Septemba 5, 2024, moto uliteketeza bweni la shule ya Hillside Endarasha, eneo la Kieni, ukawaua wavulana 21. Katika siku hizo za kusubiri, wazazi walioketi uwanjani bila kujua kama watoto wao wako hai walihitaji mtu wa kuketi nao, na miongoni mwa waliofika ni washauri wa shirika la Msalaba Mwekundu.

Lakini haifai kungoja moto. Anayekosa usingizi kwa ajili ya deni anastahili huduma hiyo hiyo.

NANI NI NANI

Watu wengi huchanganya wataalamu watatu ambao kazi zao ni tofauti.

Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili aliyeongeza masomo katika fani hiyo. Yeye ndiye anayeweza kupima, kuagiza dawa na kumlaza mgonjwa. Madaktari hawa ni wachache mno nchini, na wengi wao wako Nairobi na miji mingine mikubwa. Katika hospitali nyingi za mashinani, nafasi yao huzibwa na maafisa wa kliniki na wauguzi waliosomea afya ya akili.

Mwanasaikolojia amesomea chuoni jinsi akili na tabia zinavyofanya kazi. Huweza kufanya uchunguzi wa kina na kutoa tiba ya mazungumzo, lakini haagizi dawa.

Mshauri nasaha amefunzwa kumsaidia mtu, wanandoa au familia kuyakabili matatizo ya maisha: msiba, ndoa, uraibu, msongo wa mawazo, hofu na unyogovu usiokuwa mkali sana. Naye pia haagizi dawa.

Wawili hawa wa mwisho wanasimamiwa na Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, ambayo iliunda bodi ya kuwasajili na kuwapa leseni. Kwa hivyo, mtu hawezi kukodi chumba sokoni, akabandika kibao na kujiita mshauri kwa kuwa ana maneno matamu. Mteja ana haki ya kuuliza kuhusu usajili, na mshauri wa kweli hachukizwi na swali hilo.

KIKAO CHA KWANZA

Wengi huogopa kwenda kwa sababu hawajui kitakachotendeka. Kwa kawaida hakuna kitanda wala vifaa. Ni viti viwili, saa ukutani na pengine sanduku la karatasi za kujipangusia.

Kikao huchukua karibu saa moja. Mshauri huanza kwa kueleza masharti, na sharti kuu ni usiri. Asemayo mteja hayatoki chumbani. Katika mji mdogo kama Mukurweini, ambako mshauri huenda anasali kanisa moja na mteja wake, sharti hili ndilo nguzo ya kazi yote. Wakikutana sokoni, mshauri hatamsalimu kwa namna ya kufichua wanakojuana.

Usiri huo una mipaka, nayo hutajwa mapema. Mshauri atalazimika kuwahusisha wengine iwapo maisha ya mteja au ya mtu mwingine yako hatarini, iwapo mtoto anadhulumiwa, au mahakama ikiamuru.

Baadaye huja maswali: Unalala vipi? Unakula? Unakunywa kiasi gani? Ni nani nyumbani unayeweza kuzungumza naye? Umewahi kufikiria kujitoa uhai?

Swali la mwisho huwatisha wengi, lakini wataalamu husisitiza liulizwe waziwazi. Kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpa nafuu, kwani amekuwa akilibeba peke yake.

Baada ya hapo mteja na mshauri hukubaliana wanachotaka kutimiza na idadi ya vikao. Mshauri hatoi hukumu kuhusu nani mwenye makosa, na hatoi amri. Hilo ndilo humtofautisha na mzee wa ukoo, ambaye aghalabu huketi ili kukata kesi.

MANENO YANAWEZAJE KUTIBU?

Swali hili huulizwa na watu wenye busara zao, na linastahili jibu.

Mojawapo ya tiba zilizochunguzwa zaidi ni ile inayolenga fikra na tabia, iliyoasisiwa na daktari Mmarekani Aaron Beck katika miaka ya 1960. Msingi wake ni kwamba mtu haumizwi na tukio pekee, bali pia na maana anayolipa tukio hilo.

Turejee kwa mkulima wetu. Mwanawe anaporudishwa nyumbani kwa kukosa karo, wazo linalomjia ni: "Mimi si baba wa maana." Akiliamini, hujifungia ndani. Akijifungia, maziwa hayapelekwi, deni huongezeka, na wazo lile lapata ushahidi mpya. Ni duara.

Mshauri humsaidia kulivunja duara hilo katika sehemu mbili. Kwanza, hulipima wazo lenyewe: ni kweli kwamba hana maana, au ni kweli kwamba mwaka huu kahawa imelipa vibaya? Pili, humpa kazi ndogo ya kutekeleza kabla ya kikao kijacho, kama vile kuzungumza na mwalimu mkuu kuhusu kulipa karo kidogo kidogo. Hatua ndogo ikifaulu, moyo hupata nguvu ya kujaribu nyingine.

Mbinu hizi zimefanyiwa majaribio humu barani, na matokeo yake yana uzito kwa sehemu zisizo na madaktari wa kutosha.

Mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda wa Zimbabwe alianza kuwafunza akina nyanya katika mtaa wa Mbare, Harare, kuketi na wagonjwa kwenye viti vya mbao nje ya zahanati. Mpango huo ulipewa jina la Benchi la Urafiki. Huko pia watu husema tatizo lao ni kufikiri kupita kiasi, kwa Kishona 'kufungisisa', neno ambalo mtu wa Mukurweini angelielewa papo hapo. Utafiti uliohusisha watu 573 na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa na nyanya hao walikuwa na dalili chache za maradhi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma za kawaida.

Nchini Kenya, mpango wa WHO wa vikao vitano ulijaribiwa jijini Nairobi miongoni mwa wanawake 421 waliowahi kupitia ukatili. Waliotoa huduma walikuwa wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mafunzo, si madaktari. Walifunza mambo manne: kutuliza mwili kwa kupumua polepole, kuligawa tatizo kubwa vipande vipande, kurejelea shughuli zilizoachwa, na kutafuta watu wa kuegemea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha dhiki ilipungua kuliko kwa wanawake waliopata huduma za kawaida.

Nako Makueni, watafiti wakiongozwa na Profesa David Ndetei wamewafunza wauguzi, wahudumu wa afya ya jamii, waganga wa kienyeji na viongozi wa dini kuzitambua dalili na kuwaelekeza wagonjwa hospitalini.

Funzo ni kwamba sehemu kubwa ya huduma hii inaweza kutolewa karibu na nyumbani. Kenya ina wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 waliozinduliwa upya na serikali Septemba 2023, ambao hupita boma kwa boma. Wakifunzwa kuuliza habari za usingizi na huzuni jinsi wanavyouliza habari za presha, wagonjwa wengi watapatikana mapema.

MIPAKA YAKE

Ushauri nasaha si dawa ya kila kitu, na mshauri mwaminifu hutambua wakati wa kumpisha daktari.

Mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawasikii, anayeamini anaandamwa na watu wasioonekana, au anayekesha siku nyingi akiwa na nguvu na maneno yasiyo na kikomo anahitaji daktari kwanza. Kifafa vilevile kina dawa zake hospitalini. Ushauri baadaye huisaidia familia kuishi na maradhi hayo, lakini hauchukui mahali pa dawa.

Kwa walevi wa miaka mingi, kuna tahadhari. Mtu aliyezoea kunywa kila siku akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa na hata kupatwa na degedege linaloweza kumuua. Kumfungia chumbani ili 'akauke' ni hatari. Apelekwe hospitalini aache pombe chini ya uangalizi, kisha ushauri ufuate.

Maombi nayo yana nafasi yake. Makanisa ndiyo mahali ambapo watu wengi wa eneo hili hukimbilia kwanza, na faraja ya waumini ina thamani kubwa. Kosa hutokea pale mgonjwa anapoambiwa atupe dawa kwa kuwa ameponywa, au unyogovu unapoitwa upungufu wa imani.

Na kuna jambo lisilokubalika kamwe: kumfunga mgonjwa kwa minyororo. Shirika la Human Rights Watch lilichapisha mwaka 2020 ripoti kuhusu tabia hiyo katika nchi nyingi duniani, Kenya ikiwemo. Mara nyingi wanaofanya hivyo ni jamaa waliochoka, wasiojua pa kwenda.

SHERIA IMEBADILIKA

Mtazamo wa serikali umekuwa ukigeuka. Hospitali ya Mathari ilipofunguliwa mwaka 1910, enzi za ukoloni, ilikuwa mahali pa kuwatenga wagonjwa zaidi ya kuwatibu, na fikra hiyo ilidumu kwa muda mrefu.

Jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Miaka miwili baadaye, sheria ya afya ya akili ya 1989 ilifanyiwa marekebisho. Sheria ya 2022 inazipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi, zikiwemo za kijamii zilizo karibu na mwananchi, na inatambua haki za mgonjwa.

Badiliko kubwa zaidi lilitokea Januari 9, 2025. Hadi wakati huo, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilisema kwamba kujaribu kujiua ni kosa, na mshtakiwa angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, katika kesi ambayo walalamishi walikuwemo Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili.

Maana yake kwa familia ni kubwa. Zamani, aliyeokolewa angeweza kutoka wodini akiwa na pingu, na kwa hivyo jamaa waliogopa kusema kilichotokea. Sheria iliwafunza watu kuficha. Mahakama sasa imesema mtu huyo ni wa kutibiwa.

UANZIE WAPI?

Kwa mkazi wa Mukurweini, mlango wa kwanza ni hospitali ya umma ya kaunti ndogo. Si lazima ukifika useme una ugonjwa wa akili. Mweleze mhudumu kwamba hulali, umekosa hamu ya kula na mawazo yamekuzidi, kisha uombe kuonana na mshauri. Ikibidi, utaelekezwa kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Nyeri, ile ambayo wazee bado huiita hospitali ya mkoa.

Ukichagua mshauri wa kibinafsi, uliza mambo manne kabla ya kuketi: kama amesajiliwa na bodi, alisomea wapi, kila kikao hugharimu kiasi gani, na atafanya nini akiona tatizo lako limemshinda. Uliza pia kama gharama hiyo inaweza kulipwa na bima yako. Anayekuahidi kupona kwa siku moja, au anayekutaka ulipe vikao vingi kabla hata hamjazungumza, muepuke.

Kwa asiyeweza kusafiri, kuna nambari za simu zisizolipiwa. Shirika la Msalaba Mwekundu hupokea simu za wenye dhiki ya moyo kwa nambari 1199. NACADA, mamlaka inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, iko kwa 1192. Watoto na wanaowatetea hupiga 116.

Na ikiwa aliye karibu nawe anazungumza juu ya kufa, anagawa mali zake au anaaga watu bila sababu, usimwache peke yake. Muulize, msikilize bila kumkaripia, viweke mbali naye vitu vya hatari vilivyomo bomani, na umpeleke hospitalini siku hiyo hiyo.

Huduma bado ni haba, na haitakuwa kweli kusema kila kijiji kina mshauri. Wakazi wana haki ya kuwauliza madiwani wao ni pesa ngapi katika bajeti ya afya ya kaunti zimetengewa afya ya akili, na ni wahudumu wangapi wameajiriwa kwa kazi hiyo.

Lakini hata pale mshauri yupo, hafai kitu ikiwa mtu anaona aibu kuupita mlango wake. Mkulima wetu angevunjika mguu mtaroni, jirani wangembeba kwa machela, wakamchangia nauli na kumkamulia ng'ombe hadi apone. Ameamka saa tisa usiku kwa miezi mitatu, na hakuna aliyemuuliza.

Kumuuliza hakuhitaji leseni. Hiyo ndiyo sehemu ya tiba ambayo kila jirani anaweza kuianza leo, kabla ya Mathari yoyote.